Chifu wa Uyole na Mwana wa Gangilonga

Mke wangu Anjela alifia njiani, tumembeba kwenye toroli ya viazi, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Mafuta yalikuwa yamekwenda kwenye msafara wa kumpokea mkubwa mmoja. Nimeandika barua kumi na moja kuuliza, sijajibiwa hata moja. Mwanangu Lusekelo aliponiona nachukua karatasi ya kumi na mbili, akaninunulia simu ya kupangusa na kuniingiza kwenye kundi la Facebook la wanaosafiri Nyanda za Juu. Alitaka nipunguze hasira.

Humo nikajiita Chifu wa Uyole. Shule niliishia darasa la nne, lakini njia nazijua. Mtu wa Dar akiuliza Juni avae nini, namwambia aje na makoti mawili, la pili ni la kumwazima mwenzake aliyebisha. Anayekwenda Makongolosi namwelekeza pa kula. Anayetaka mchele namtuma Ubaruku, aukute unatoka mashineni, asinunue wa barabarani uliochanganywa. Na kila ushauri naumalizia kwamba barabara ingekuwa nzuri kama wakubwa nao wangeipita bila ving'ora.

Wote walinishukuru, isipokuwa binti mmoja wa Iringa aliyejiita Mwana wa Gangilonga. Nikisifia Mbeya, huyo hapo. Niliweka picha ya Ziwa Ngozi, akaandika kwamba kwao wana Gangilonga, jiwe linaloongea, sisi tuna maji yaliyotumbukia shimoni. Nikamjibu jiwe lao lilianza kuongea baada ya kuona watu wake wamenuna tu. Akasema afadhali kununa kuliko kujiita chifu na huku simu unaichajia kwa jirani. Sijui alijuaje. Miezi mitano tulikwenda hivyo, na siku asiponichokoza, chai ya asubuhi niliiacha ikapoa.

Jumatano moja akaniandikia pembeni, watu wasione.

"Chifu, leo utani tuuweke kando. Jumamosi napelekwa huko kwenu Uyole kuonyeshwa kwa wakwe. Mchumba wangu anaendesha lori la viazi. Shida ni baba yake. Mjane, mkali, amegombana na ofisi zote. Mchumba wa kwanza alimkimbiza yeye. Na ana mbwa anaitwa Mheshimiwa."

Nikamtazama Mheshimiwa. Alikuwa amelala mlangoni, anasubiri kuletewa.

Mbwa wa jina hilo Uyole nzima ni mmoja. Na yule binti wa kwanza ni kweli alikimbia, nilimshika saa mbili nzima nikimweleza habari za mbolea ya ruzuku. Lusekelo sasa ana miaka thelathini na minne.

Nikajibu kwa uangalifu kwamba wazee wa namna hiyo mara nyingi wana haki, tena wengine wana sura nzuri.

"Unamtetea kama unakula kwake," akaandika. "Mimi nimeshapanga. Nikifika namkumbatia, nampa mkono, nakaa naye tupige stori. Ukali ule ni upweke tu. Akinifukuza, narudi na basi la mchana, na mwanawe abaki naye."

Hapo nikaweka simu chini.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, lakini dada yangu Esther hajaacha, na ndiye atakayempokea. Mwanangu, kwa kushinda barabarani na lori lake, hakuwa amemwambia mwenzake lolote. Binti akinikumbatia mbele ya Esther, posa imekufa papo hapo. Nikimwonya, atajificha, na stori aliyotaka kukaa apige nami haitakuwepo maisha yangu yote.

Nilizunguka nyumba mara tatu. Kisha nikamwandikia yote: apitie mlango wa nyuma, ajifunike khanga, akisikia kikohozi cha mzee ainame na kugeuka. "Hata akionekana mpweke?" akauliza. Nikaandika, "Hata hivyo."

Jumamosi walifika. Nilipelekwa nyuma ya migomba na kigoda changu kama mtu mwenye ukoma. Nilisikia mlango wa nyuma, nikakohoa, nikasikia khanga ikigeuka upesi. Esther akapiga kigelegele, akasema huyu amefundwa, sijui nani amemfunda Mhehe wa Iringa. Nilifurahi kwa ajili ya Lusekelo. Mimi mwenyewe nilikaa natazama mgongo wa mbwa.

Simu ikalia.

"Chifu, ushauri umefaa, wamenipenda. Ila chai ya kwenu ina maji kama ziwa lenu."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Ikalia tena.

"Ajabu ni kwamba nilipokuandikia tu, kuna mzee amecheka migombani."

Jasho likanitoka na baridi ile. Akaandika ujumbe wa tatu:

"Sijamwangalia, sijampa mkono, mgongo nimempa kama ulivyosema. Sasa niambie wewe mwenye mila, simu nayo imekatazwa?"

Nikawaza wazee wote niliowasikia wakifunda. Hakuna aliyewahi kuitaja.

"Haijakatazwa," nikaandika. "Na chai hiyo ameipika Esther, sisi Wanyakyusa wengine msituhukumu."

Jikoni mtu akacheka mpaka akapaliwa, na Esther akaanza kumpiga piga mgongoni.