Likizo ya Mama Bosi

Mama Bosi alikuwa amesimama katikati ya jiko, amevaa vazi la kuogelea juu ya gauni lake la nyumbani, mwiko mkononi, viazi vya mwanawe vikitokota nyuma yake. Vazi lilikuwa la bluu, na ua moja kubwa la njano tumboni. Gauni lilikuwa limefura kila pembe, kama mto mkubwa uliolazimishwa kuingia kwenye foronya ya mtoto.

"Geuka," Anti akamwambia.

"Nigeukie wapi? Jiko lenyewe ndilo hili."

"Geuka tuone nyuma, dada. Kule kisiwani watu watakuona nyuma kabla hawajakuona mbele."

"Basi waone, na wakome."

Tulicheka sisi watatu, na Bosi akacheka wa nne kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa sababu sisi tumecheka. Alikuwa na kawaida hiyo. Hakuhitaji kuambiwa utani wenyewe. Alisikiliza sauti zetu kama mtu anayeonja mchuzi, akajua umekolea au haujakolea.

Wakati huo nilikuwa na mwaka na kitu katika nyumba ile. Nilikuja nikiwa nimemaliza shule ya msingi tu, nikitafuta kazi yoyote ya mikono, na kazi niliyopewa ilikuwa kufua, kudeki, na kumgeuza Bosi kitandani ili mgongo usichubuke. Alikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu, mikono imekunjika kifuani kama ya mtu anayehisi baridi. Alizaliwa vibaya, basi. Hakutembea wala hakusema. Jina la Bosi walimpa majirani, kwa kuwa kila mtu pale alisimama na yeye ndiye aliyekaa. Baba yake alikuwa na nyumba nyingine, na huko ndiko alikokula na kulala. Kwetu alipita kama msoma mita.

Kumlisha haikuwa kazi yangu. Haikuwa kazi ya mtu yeyote isipokuwa mama yake. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu tulimuuliza asubuhi, mchana na jioni, na jibu lake lilikuwa moja: kijiko kikitoka mkono mwingine, meno yanafungwa. Wasichana waliokuwa pale kabla yangu walijaribu wakashindwa, mmoja akaondoka na alama ya meno kidoleni. Kwa hiyo Mama Bosi hakuwahi kulala nje ya nyumba ile. Hata msibani alikwenda akazika haraka haraka, akarudi mbio na udongo viatuni.

Halafu siku moja, kabla ya vazi lile kununuliwa, akalala akiwa amesimama. Sufuria iliungua mpaka moshi ukajaa ukumbini, naye ameegemea friji, macho yamefumba, kijiko mkononi. Daktari wa zahanati alimwambia mbele yangu kwamba asipopumzika kwa hiari atapumzishwa, na kitanda cha pili katika nyumba ile hakitakuwa na wa kukitunza. Ndipo Anti, mdogo wake, mwanamke wa kuuza vipodozi aliyejua kumshawishi hata kipara anunue kitana, alipoingia na picha za kisiwa.

Alizitandaza juu ya meza ya kulia. Mchanga mweupe, viti vya kulalia vimepangwa, maji ya rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye maji.

"Joto lake si la kuunguza," Anti alisema. "Ni joto la kukulainisha. Unalala pale. Upande mmoja ukiiva, unageuka."

"Kama samaki."

"Kama samaki, lakini samaki wa kuheshimiwa. Na kulala, dada! Utalala mpaka usingizi wenyewe uchoke."

Mama Bosi alizishika picha zile kwa ncha za vidole, kama vitu vya watu. Maswali yake yalikuwa ya ajabu. Nani anafua mashuka? Wakipika, wanapika saa ngapi? Akiamka kabla hawajaamka, afanye nini? Anti akamjibu kwamba hatafanya kitu chochote, hiyo ndiyo likizo yenyewe, kutofanya. Mama Bosi akaitazama picha ya kiti kitupu kwa muda mrefu.

"Nitajifunza," alisema.

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Kofia pana ikaja, ikawekwa juu ya friji. Mafuta ya jua yakaja, na Mama Bosi akayanusa kila alipopita. Alianza kuniuliza mambo wakati tunakunja nguo: kama mtu asiyejua kuogelea anaweza kuingia majini mpaka magotini bila kuchekwa, kama mawimbi yana sauti kubwa usiku. Mimi nilikuwa sijaona bahari zaidi yake. Tukawa tunaipanga pamoja, sisi wawili tusioijua, na nilimwona akirudi usichana kidogo kidogo, kama nguo iliyokunjwa sana inavyonyooka ikitundikwa.

Lilibaki jambo moja tu: Bosi ale mkononi mwangu.

Anti aliyaita mazoezi. Kwanza Mama ashike kijiko nami nimshike mkono. Halafu mimi nishike kijiko, Mama akae karibu. Halafu Mama asimame nyuma ya mlango. Hatua ya kwanza ilikwenda, ya pili ikakwama. Nilivaa gauni la Mama. Nilioga kwa sabuni yake. Niliimba nyimbo zake kwa sauti yangu mbovu, na Bosi akacheka sana, ila alicheka meno yamebanwa. Anti alikaa mwenyewe siku moja, akajigamba kwamba ameuza mafuta ya nywele kwa watu wagumu kuliko huyu, akaondoka na karoti zilizopondwa kwenye blauzi.

"Huyu si Bosi," alisema akijifuta. "Huyu ni serikali."

Safari ilikuwa imeshalipiwa. Mama Bosi hakulalamika, lakini kofia ile aliacha kuitazama. Hapo ndipo Anti alipoamua kumtoa nje kwa nguvu. Alimbeba kwenda saluni, wakashinde huko kutwa, aseme asiseme. "Akiwa na njaa atakula," alisema mlangoni. "Njaa haina mama."

Asubuhi Bosi hakula. Mchana hakula. Nilipasha chakula, kikapoa, nikapasha tena mpaka viazi vikashika sufuria. Alianza kutoa mlio mdogo kooni, si kilio, mlio kama wa bawaba, akitazama mlango. Nilimbembeleza, nikamwomba, nikamkemea, nikamwomba msamaha kwa kumkemea. Mwishowe nilikaa tu mbele yake na bakuli mapajani. Nilimfikiria mama yake aliyekuwa kichwa chini kwenye beseni la saluni akijidanganya. Mikono iliniuma. Pumzi ikanitoka. Ilianzia chini sana, ikapandia puani, ikajikwaa katikati, ikaishia kwa sauti ndogo, "eeh," kama ya mtu aliyetua mzigo akaona kumbe ni nusu ya njia.

Mdomo wa Bosi ukafunguka.

Niliingiza kijiko kabla sijaelewa. Akameza. Akafunga mdomo, akanitazama, akangoja. Niliinua kijiko cha pili, hakufungua. Nikaigiza pumzi, ya juu juu, akageuza uso. Nikaishusha tena kama ilivyokuwa ile ya kwanza, yenye kujikwaa na "eeh" yake, na mdomo ukafunguka mpana, mlegevu, wa mtu aliye nyumbani.

Hapo ndipo nilipoitambua. Nilikuwa naishi na pumzi ile tangu niingie nyumba ile. Niliisikia kupitia ukuta kila wakati wa chakula, kama mtu anavyoisikia saa ya ukutani mpaka asiisikie tena. Ilikuwa ya Mama Bosi. Kila kijiko alichompa mwanawe, kwa miaka yote ile, kilitanguliwa na uchovu wake, na mtoto alikuwa amejifunza kwamba sauti hiyo ndiyo chakula.

Waliporudi bakuli lilikuwa tupu. Mama Bosi, nywele zimesukwa upya, shingo yake imeonekana kuwa ndefu na nzuri, alilishika bakuli akaligeuza juu chini. Halafu akapiga kigelegele ambacho kilimleta jirani dirishani.

"Umefanyaje?"

"Alikuwa na njaa, Mama."

"Si nilisema!" Anti akadakia. "Njaa haina mama!"

Ningesema nini? Hakuna maneno ya kumwambia mtu jambo kama lile, au kama yapo, sikufundishwa. Nikawa namlisha mlango umefungwa. Nilisema Bosi ana haya. Mama Bosi alilikubali hilo, akaanza kupanga nguo sandukuni na kuzipangua, akikariri jina la hoteli kama sala. Lakini mama ni mama. Mchana mmoja niliona mlango umeacha ufa, na ndani ya ufa, kipande cha gauni.

Aliingia taratibu.

"Rudia," alisema.

"Nini, Mama?"

"Ulichofanya sasa hivi. Rudia."

Niliwaza kumdanganya, na nilimtazama usoni nikaona hakuna nafasi. Nikashusha pumzi. Bosi akafungua mdomo.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Nilimfuta Bosi mdomo.

"Mimi ndivyo nafanya? Mbele yake?"

"Kila kijiko, Mama. Nilikukuta hivyo."

Alininyang'anya kijiko, si kwa hasira. Akakaa, akatabasamu, akamwita mwanawe kwa majina ya utotoni ambayo sikuwahi kuyasikia. Bosi alimtazama kwa upole, kama tunavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Meno hayakuachana. Akaimba. Akabusu paji la uso wake, akajaribu tena, tabasamu linatetemeka pembeni. Niliona kifua chake kikipanda, kikabaki juu. Aliibana pumzi ile. Hakuiachia.

"Miaka yote hii," alisema, akinitazama mimi badala ya mwanawe, "nilidhani anafungua kwa sababu ni mimi."

Kutoka siku hiyo mimi ndiye niliyemlisha. Mama Bosi alipanga safari yake kimya, kama mtu anayekusanya vitu vyake baada ya kuachishwa kazi. Mara moja alimwambia Anti kwamba labda waahirishe. Anti, ambaye hakujua lolote, alimwambia tiketi hazina huruma. "Mtoto anakula, msichana amemweza, wewe unataka nini tena? Ulitaka kuwa huru, si ndiyo?" Mama Bosi akasema ndiyo.

Asubuhi ya safari Anti alikuja na gari la kukodi. Alimpaka dada yake rangi ya midomo, akamvisha kofia, akamzungusha mbele ya kioo. Alipendeza, wallahi. Alionekana kama wale wa kwenye picha. Nilikuwa nimeshaandaa bakuli, lakini alinizuia mlangoni mwa chumba cha Bosi.

"Leo nitamlisha mwenyewe. Niondoke nimemlisha mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti changu, yaani kiti chake. Akatandika kitambaa kifuani mwa mwanawe. Kijiko kikapanda. Alikuwa ametabasamu tangu alipoingia, tabasamu la rangi nyekundu, nami nilisimama nyuma yake nikimwomba moyoni ashushe tu pumzi moja, moja tu, ale, waagane. Mabega yake yalipanda kila mara, na kila mara yakagoma kushuka. Bosi alianza ule mlio wa bawaba.

Nje honi ikalia. "Dada! Boti haisubiri mtu!"

Akabadilisha mkono. Akajaribu tena. Honi ikalia. Hatimaye alisimama, akanipa bakuli bila kunitazama.

"Shika."

Nilikaa. Niliinua kijiko, na Bosi akageuza uso kwangu, akangoja. Mama yake alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwetu, na kofia yake, na mkoba mpya begani. Kifua changu kilikuwa kimejaa, lakini sikuweza. Ningeweza kumwibia chochote kingine katika nyumba ile, si hicho, si mbele ya macho yake. Tukabaki hivyo watatu, kijiko hewani, mlio ule ukizidi.

Alielewa. Aliinama, akakifuta kidevu cha mwanawe kilichokuwa safi, akatoka. Nilisikia viatu vyake vikienda jikoni. Halafu nikasikia bomba la sinki limefunguliwa mpaka mwisho, maji yakipiga bati kwa kishindo. Hakukuwa na chombo hata kimoja cha kuosha. Nilikuwa nimeviosha vyote kabla hakujapambazuka.

Chini ya kelele za maji nikashusha pumzi. Bosi akafungua. Nikaishusha tena, na tena, na kila kijiko kilikwenda.

Baadaye bomba likafungwa. Magurudumu ya sanduku yakapita ukumbini, yakaruka kizingiti, yakashika changarawe. Hakuja kuaga. Nilitaka nitoke nimkimbilie, nimpungie hata mkono, lakini bakuli lilikuwa bado nusu, na mdomo ulikuwa wazi.