Nukta Zote

Kuna kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Kikiondoka, nusu kijiko hugeuka kikombe. Fundi wa kompyuta wa hospitali moja alikitegua kitendawili hiki siku ambayo nusura kimuue mtoto wa watu.

Asubuhi hiyo mashine ya kuchapa lebo za dawa iligoma. Kila mstari wa faili la lebo uliishia na nukta, na nukta hizo ndizo zilizokuwa zikiikwama kooni. Mfamasia, mama mtani, alimwambia afanye hima kabla wagonjwa hawajamla nyama. Fundi akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, akaandika tr, amri ya kubadili au kufuta herufi, akaiagiza ifute nukta. Punde lebo zikamwagika kama maji ya bomba. Mfamasia akabandika, chupa zikaenda wodi ya watoto.

Fundi akaokota lebo moja iliyodondoka. Ilisema mililita 25. Dawa ile aliijua, mwanawe aliwahi kuinywa: mililita 2.5, nusu kijiko. Akairudia kuisoma amri yake. tr haichagui. Ukiitajia nukta, inafagia zote, ya mwisho wa mstari na ya katikati ya namba.

Akapiga simu wodini. Shangazi yake, muuguzi wa zamu, hakumhoji. Alipita kitanda kwa kitanda akikusanya chupa. Zote zikapatikana ila moja. Mama mwenye chupa hiyo karuhusiwa na mwanawe, shangazi akasema, ndiyo kwanza anatoka.

Fundi alitimua mbio, kiatu kimoja kikabaki ngazini. Alimkuta kwenye benchi la getini, mtoto mapajani, kile kikombe kidogo cha dawa kimejaa pomoni. Mtoto kafumba mdomo, anakwepesha shingo huku na huku, mama kamshika kidevu.

"Dada, usimpe."

"Nimpe nini? Huyu hajameza hata tone, tunavutana tu hapa."

Fundi akaketi palepale vumbini. "Ni nusu kijiko," alisema. "Lebo nimeiharibu mimi."

Mama akakitazama kikombe, akamtazama mwanawe, akamimina dawa yote chini polepole.

"Na wenzangu?"

"Chupa zao zimerudi zote."

"Haya, inuka. Utaandika upya nikikuona."

Faili la mwanzo lilikuwepo bado. Safari hii fundi aliondoa nukta za mwisho kwa mkono, mstari kwa mstari, huku mama kasimama nyuma ya kiti. Lebo ilipotoka, mama aliidaka kabla ya mfamasia, akaisoma kwa sauti: mbili, nukta, tano.