Barabara ya Kinu Yaja Kuomba Lami

Jumanne ya pili ya Juni, mwaka 1988, Rispah Nakhungu alifungua ofisi ya ujenzi ya baraza la mji wa Nabwiro, mji mdogo ulio kati ya Kitale na Bungoma. Alipangusa taipu, akahesabu karatasi za kaboni, akakuta zimebaki tano. Saa tatu kasorobo Barabara ya Kinu iliingia. Kwa kuwa ilikuwa ndefu, ilijikunja mara kadhaa ndipo ikatosha koridoni, kona zake mbili zikining'inia dirishani. Ilikuwa na mashimo arobaini na moja na mavi mabichi ya ng'ombe. Rispah aliiambia ijifute kwanza.

"Nimekuja kwa maneno ya rami, madam," barabara ilisema. Iliongea kama watu waliopita juu yake miaka yote.

Rispah alitoa faili. Barabara ya Kinu ilikuwa kwenye makadirio tangu 1981. Kila mwaka fedha zilitengwa, na kila mwaka lami ikitoka stoo ilikata kona, ikaishia langoni kwa Diwani Wabwile, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

"Lete barua ya diwani," Rispah alisema, "na makisio ya injinia, nakala tatu."

"Hiyo barua naomba miaka saba sasa."

"Basi ngoja kamati. Inakaa Ijumaa."

"Nitangoja. Kazi yangu ni kulala tu."

Huko ilikotoka, nyumba za pande mbili zilisogeleana kuziba pengo, ukuta kwa ukuta, na mlango wa kilabu cha pombe cha Wekoye ukawa unafungukia madhabahuni mwa kanisa la ng'ambo. Aliyeumia zaidi ni Mama Dayawanti, mjane mwenye kinu cha posho mwisho wa barabara. Unga wake aliuuza sokoni kwa mkokoteni. Sasa ilimbidi aubebe begani, apitie jikoni mwa watu saba, na katika kila jiko adabu ilimtaka akae anywe chai. Alifika sokoni saa kumi, wachuuzi wakifunga vibanda, tumbo limejaa chai na unga haujauzwa. Ikawa hivyo siku tatu. Ijumaa asubuhi hakusaga kitu. Alikunywa chai zake saba, akafika ofisini, akasimama mbele ya barabara, mikono kiunoni.

"Wewe, rudi nyumbani. Mimi nakula nini?"

"Mama, nikirudi hivi hivi, si nitakaa hivi hivi?"

Dayawanti alifikiri, akakubali kwamba hilo ni kweli. Aliketi kwenye ukingo wake, naye akangoja.

Saa nne kamati ilikutana. Wajumbe waliiruka barabara mmoja mmoja, wakaingia. Injinia Kimeli alisoma ripoti yake: amezuru eneo akiwa na futi kamba, amepima, hakuna barabara.

"Pahali hakuna barabara, ati tutatia lami wapi?" Diwani Wabwile aliuliza.

Rispah, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, aliinua kalamu. "Mheshimiwa, iko hapo koridoni."

"Korido si wadi yangu, bana," Diwani alisema, na wajumbe wakaona hoja hiyo ina uzito. Lami ya mwaka huo ikapewa lango lake la nyuma.

Rispah alipiga taipu uamuzi huo, nakala tatu. Alikuwa amepiga maneno kama hayo mara saba bila kusumbuka, lakini mara zile saba aliyehusika hakuwa ameketi mlangoni. Alibaki kitini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha alitoka. Alivua viatu vyake vya kisigino, akashika ncha moja ya barabara, Dayawanti akashika nyingine, wakaibeba kama godoro hadi mahali pake. Nyumba zilisogea kuipisha, ingawa Wekoye alinung'unika, maana waumini walikuwa wameanza kuwa wateja wazuri.

Kwa uchovu, waliitandika kinyume. Barabara iliyokuwa ikipanda kutoka kinuni hadi sokoni sasa ilishuka, na shimo kubwa la kwa Wekoye likahamia mbele ya kanisa. Mkokoteni wa Dayawanti ulijiendea sokoni wenyewe, yeye akiufuata na mwavuli. Kurudi na mahindi ndiko kulikomtoa jasho. Mvua za Agosti ziliponyesha, lile shimo la kanisani liliumeza mkokoteni pamoja na magunia mawili, na pasta akaliombea.

Septemba Diwani alipita hapo na wageni. Aliona mkokoteni mpya ukiteremka bila kusukumwa, akamwambia Kimeli aandike kwamba barabara imeboreshwa. Jina likaondolewa kwenye makadirio. Aliyelikata kwa mstari ni Rispah, kwa rula.

Baada ya kazi alikwenda kuiambia mwenyewe. Barabara ilipitisha kwanza ng'ombe wote wa jirani Rotich.

"Huko Kitale hakuna ofisi ingine?"

"Iko," Rispah alisema. Akaielekeza: ipande kilima, ikate kushoto penye maghala ya mahindi, na isiende Ijumaa, maana wakubwa huondoka mapema.