Jumba Lililohifadhiwa

Nchi ya Kandomto ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa huu: Mfalme alikaa ndani ya maji, na raia walikaa kandokando wakisubiri atoke. Mfalme wa zama hizo alikuwa Kiboko. Siku ya kutawazwa aliapa kwamba ataoga na kuondoka kama waliomtangulia, lakini maji yalimkaa vizuri mwilini, na mwaka wa ishirini na tatu ulimkuta bado ameloa. Wanyama waliteka maji upande wa chini, yakishampitia, yakiwa na rangi ya chai. Waliyachemsha, wakayanywa, wakashukuru.

Katikati ya mji lilisimama jumba la maigizo, la mawe, kubwa, lililojengwa kabla Kandomto haijapata mfalme hata mmoja. Liliitwa Jumba la Vinywa. Chini ya paa lake neno halikuwa kosa. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, Mfalme alitoka majini akaja kuketi kwenye benchi la mbele, lile lisilo na egemeo, akajitazama akiigizwa. Hakuruhusiwa kujibu, wala kuondoka mpaka mchezo uishe, na kesho yake hakuna mwigizaji aliyeulizwa kitu. Ila mstari uleule ukiusema hatua tatu nje ya mlango, huo ulikuwa uchochezi, na uchochezi ulikuwa na gereza lake.

Kwa sababu hiyo michezo haikuandikwa. Karatasi hutoka nje, na karatasi hukamatwa. Michezo yote themanini na mmoja ilikaa kifuani mwa mnyama mmoja ambaye watazamaji hawakupata kumwona: Kalunguyeye, mnong'onezi wa jumba. Alikaa katika shimo chini ya sakafu ya jukwaa, kichwa usawa wa nyayo za waigizaji, na mmoja wao aliposahau, yeye alimrushia maneno kwa sauti iliyosikika na sikio moja tu. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Wanyama wa jumbani waliiita kuhifadhi. Mchezo uliohifadhiwa, kwao, ulikuwa mchezo ulio hai, ulio tayari kutoka mdomoni saa yoyote.

Sasa jumba lilikuwa tupu mwaka wa kumi na moja. Mara ya mwisho Nyegere, mwigizaji shupavu kuliko wote, alitokea jukwaani amefunga kibuyu tumboni, akapiga mwayo mrefu wa kifalme hata ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Kiboko hakusema neno, kama sheria ilivyotaka. Kesho yake ikatangazwa kwamba vigae vitatu vya paa vimepasuka, na kwamba jumba limefungwa kwa usalama wa raia. Vigae vile vitatu havikubadilishwa. Vikawa thelathini. Mvua ikahamia jukwaani.

Kila asubuhi Kalunguyeye alilizunguka jumba, midomo imefungwa, akiipitia michezo yake mmoja baada ya mwingine. Asubuhi moja alifika mchezo wa arobaini akakwama. Palikuwa na mstari pale, aliukumbuka urefu wake, alikumbuka hata mahali ambapo mwigizaji huvuta pumzi. Maneno hayakuwapo. Alikaa kwenye ngazi na baridi ikamwingia.

"Umepauka," alisema Nyegere, aliyekuwa akiota jua pale pale, mzee sasa, mgongo mweupe kama majivu.

"Nimepoteza mmoja, kaka."

"Mmoja tu? Mimi nimepoteza meno yote ya kushoto."

"Usinichekeshe. Nikifa kabla ya milango hii kufunguka, nitazikwa na michezo yote. Siwezi kumfundisha yeyote hapa nje. Nikimfundisha, nimempeleka gerezani."

Nyegere alisogea, akampisha penye jua.

Mwaka huohuo ikaja habari kwamba Baraza litaamua hatima ya jumba. Kicheche, Waziri wa Majengo, mwenye manyoya ya kung'aa na harufu ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja, alipendekeza libomolewe, na mahali pake pachimbwe bwawa la pili la Mfalme, la kupumzikia akichoka na la kwanza. Mji ukanung'unika. Wanyama wakakubaliana kupeleka ombi, na wote wakamtazama Kalunguyeye, kwa kuwa ndiye aliyejua maneno.

Waliliandika palepale kwenye ngazi, kando ya jiko la Digidigi, muuza mahindi ya kuchoma.

"Andika lifunguliwe," Nyegere alisema. "Neno moja, basi. Hata Kiboko na visikio vyake vile atalisikia."

"Kaka, neno 'kufungua' likiingia barazani watafikiria magereza. Watafikiria maghala. Watashtuka, na akishtuka mkubwa hakuna anayepona. Tuwape neno wasiloliogopa."

"Neno wasiloliogopa la kazi gani?"

"Lihifadhiwe," alisema Kalunguyeye, na alilitamka kwa upendo, kama anayemtaja mama yake. "Ni neno letu. Lina heshima, lina upole, na ndani yake mna kila kitu. Jumba lililohifadhiwa ni jumba linalosema."

Nyegere alijikuna kidevu. "Haya. Wewe ndiye bingwa wa maneno, mimi wangu ni mwayo tu."

Wanyama elfu nne walibandika kwato, kucha na vidole. Digidigi alibandika wake bila kusomewa, maana alikuwa na wateja na mahindi yalikuwa yanaungua.

Baraza lilikaa kama linavyokaa siku zote, wazee wakilizunguka bwawa na Mfalme katikati, macho na pua tu juu ya maji. Waleta maombi walipiga magoti nyuma, na Kalunguyeye alikuwa mmoja wao.

"Wanataka nini?" Mfalme aliuliza.

"Ni habari ya jumba, Mtukufu," alijibu Kicheche.

"Wanataka lifunguliwe?"

Maji yalitikisika. Wazee waliinua miguu yao wasilowe. Kicheche alirudi kwenye karatasi, akasoma polepole, na usoni pake pakachomoza tabasamu.

"La hasha, Mtukufu. Neno hilo halimo kabisa. Raia wako ni waungwana. Wanaomba lihifadhiwe."

"Lihifadhiwe," Mfalme alirudia, kama anayeonja. "Kama ukingo wa kusini?"

"Kama ukingo wa kusini, Mtukufu."

Kalunguyeye alisikia, lakini hakuujua ukingo wa kusini. Alizaliwa chini ya jukwaa, na mji ndio ulikuwa dunia yake.

"Basi bwawa la pili lisichimbwe," alisema Kiboko, na sauti yake ilijaa huruma. "Nitakaa katika hili hili, nivumilie. Asije akasema yeyote kwamba Mfalme hasikii. Mmeomba lihifadhiwe, nami nalihifadhi, leo na daima."

Wazee walipiga makofi. Mmoja alilia kabisa, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na Waziri.

Siku ile mji ulicheza ngoma barabarani. Nyegere, na uzee wake, alimbeba Kalunguyeye mgongoni, akilalamika kwamba miiba inamchoma na akikataa kumshusha. "Pisheni! Namleta mwanamke aliyemtoa Kiboko neno la maana!" Walipofika kwenye ngazi, Digidigi alisimama mbele yao akiwa na pepeo mkononi.

"Mmeshinda nini hasa, wenzangu?"

"Jumba limehifadhiwa, dada!"

Pepeo lilimponyoka. "Nani aliomba hivyo?"

"Sote. Hata wewe, ukwato wako umo."

"Mimi?" Digidigi alimtazama Kalunguyeye usoni. "Mama, hata sisi tulihifadhiwa. Ukingo wa kusini, kwetu, kwa babu zangu. Walikuja na waya, wakasema nyasi ni za thamani mno, zisikanyagwe. Unadhani nilikuja mjini kwa kupenda kuchoma mahindi?"

Ngoma iliendelea kulia. Kalunguyeye alishuka mgongoni mwa Nyegere mwenyewe, taratibu.

Kesho yake nguzo zilisimikwa. Waya ulizungushwa mara tatu, na mbwa mwitu sita wakawekwa getini. Juu ya mlango kikapigiliwa kibao kipya: HIFADHI YA UFALME. KUINGIA NI MARUFUKU. Kalunguyeye alikwenda ofisini kwa Waziri bila kupiga hodi.

"Mheshimiwa, sisi hatukuomba hiki."

"Mama yangu, karibu, keti." Kicheche alifungua mtoto wa meza, akatoa ombi, akaliweka mbele yake kwa vidole viwili. "Hili neno limeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Mwandiko mzuri sana. Sikugusa hata nukta."

"Lakini kuhifadhi maana yake..."

"Maana yake ni ile anayoijua mwenye waya," alisema Kicheche, kwa upole kabisa. "Ungetaka maana nyingine, ungetumia neno lingine."

Alirudi nyumbani akipita vichochoroni ili asikutane na yeyote. Wapo waliomlaumu. Wengi hawakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Alikuwa na neno moja la kusema kwa niaba ya mji mzima, na alilichagua kwa uzuri wake.

Siku ya saba, adhuhuri, Nyegere alivuka waya. Ngozi ya nyegere ni ngumu, na wale mbwa mwitu walikuwa sita tu. Alipasua mlango kwa bega, akaingia, na mlango ukabaki wazi nyuma yake. Mji ulikimbilia kwenye waya. Kutoka pale waliweza kuona mpaka ndani: benchi la mbele, jukwaa lililojaa majani, na mzee mmoja juu yake, damu sikioni, akijifunga tumboni ndoo iliyotoboka kwa kuwa kibuyu kilishaoza.

Alikuwa chini ya paa, yaani mabaki ya paa. Sheria ilikuwa bado ni sheria. Mbwa mwitu walisimama mlangoni wakiangaliana.

Nyegere alianza mchezo wa arobaini. Alikuwa Mfalme, kisha akawa mjane aliyeshuka mtoni na mtungi, kisha Mfalme tena. Waliozaliwa baada ya jumba kufungwa hawakuwahi kuona kitu kama kile, na walikuwa wameshikilia waya bila kuhisi unawakata. Mjane alifika ukingoni. Aliinua mkono kumwelekea Mfalme. Alifungua kinywa.

Akasahau.

Kalunguyeye alikuwa mbele kabisa ya umati. Aliuona ule mkono uliobaki hewani na yale macho yaliyoshuka sakafuni, kwenye shimo, kutafuta sauti ambayo haikuwamo. Ndipo, kwa kuuona mkono, mstari aliokuwa ameupoteza ukamrudia mzima, na pumzi yake mahali pake.

Akanong'ona. Haikufika popote. Palikuwa na hatua hamsini, waya, na mbwa mwitu. Maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti juu ya mnong'ono. Na hapo alipokuwa hapakuwa na paa.

"Mtukufu!" Sauti ilitoka imekwaruza, sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Maji uliyoyakalia, ndiyo tunayokunywa!"

Nyegere aliupokea mstari, akautupa ukumbini kwa kifua chote. Umati ukaurudia. Ulirudiwa kwenye waya, ukarudiwa sokoni, ukarudiwa na wasiojua umetoka wapi.

Walikamatwa wote wawili. Nyegere hakushtakiwa kwa neno hata moja alilosema, kwa kuwa ufalme unaheshimu sheria zake. Alishtakiwa kwa kukanyaga hifadhi. Alifia gerezani kabla ya mvua za vuli, na waliomwosha walisema alikuwa mwepesi kama mwanasesere. Kalunguyeye alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa maisha, peke yake, katika chumba ambacho kuta zake zilijazwa pumba ili sauti isipite. Huko, mmoja mmoja, michezo ilianza kumtoka. Wa sabini na mbili uliondoka na ndoto. Wa tisa ulikwenda wakati anaumwa. Aliilia kama anayezika watoto.

Mji ulibaki na mstari mmoja. Ulisemwa kwenye foleni ya maji, kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha, kisha kwa pamoja, asubuhi na jioni, mpaka ukafika bwawani.

Siku moja Kicheche alishuka gerezani mwenyewe, manyoya yamesimama.

"Mama, Mtukufu ana swali. Kuhusu ule mstari. Katika mchezo, baada ya mjane kusema vile, kinafuata nini?"

Kalunguyeye aliutafuta mchezo huo kifuani. Huo wa arobaini ulikuwa bado umo.

"Anayefuata kusema ni Mfalme."

"Anasema nini?"

Mama yake alimfundisha kwamba mnong'onezi hamwachi mwigizaji akaumbuka, hata akiwa mbaya, hata akiwa adui yake. Miaka arobaini hakuivunja amana hiyo hata mara moja. Aligeukia ukuta.

"Mwambie akumbuke mwenyewe."

Kicheche alirudi barazani. Nje, wanyama waliokuja na mitungi ya maji walikuwa wameshaanza, maelfu, kwa sauti moja. Walipomaliza mstari walinyamaza, wakangoja zamu ya Mfalme. Kiboko aliinuka kidogo majini. Alifungua kinywa chake kikubwa, akakiacha wazi, na hakuna kilichotoka.