Chumba cha Luseane

Filamu yenyewe ilikuwa fupi, haifiki hata nusu ya mahubiri ya mchungaji wao, lakini Kolio aliihangaikia muhula mzima. Mtu anamvizia msichana nyumbani kwake mchana kweupe, majirani wote wakiwa kanisani. Uso wa muuaji hauonekani. Kolio alitaka watazamaji waone kwa macho ya huyo muuaji: kamera inatembea, inasukuma mlango, mkono unatokea pembeni na kushikashika vitu vya mwenye chumba. Mwalimu Toakase, aliyewafundisha filamu hapo chuoni Nuku'alofa, alilipenda wazo hilo. Kilichokosekana ni chumba.

"Tutumie cha binamu yangu," alisema Maile, rafiki yake, ambaye kazi yake ilikuwa kunasa sauti.

"Kile kimejaa magunia ya viazi vikuu. Nani atamvizia msichana ghalani?"

"Sasa tupate wapi kingine?"

Kolio akaangalia upande wa kwao. Maile akamtazama, akaelewa, akaweka maikrofoni chini.

"We bwana, una akili timamu? Chumba cha dada yako?"

Hapa Tonga mwanamume hakanyagi chumba cha dada yake. Hakuna aliyemkalisha Kolio kitako kumfundisha. Alikua na mwiko huo tu. Sauti yake ilipoanza kuwa nzito alihamia kibanda cha nyuma, dada yake Luseane akabaki nyumba kubwa. Televisheni ikionyesha watu wanabusiana, mmoja kati ya ndugu hawa wawili huinuka akasingizia kiu. Na huyo Luseane ndiye aliyewashonea waigizaji nguo, bure, bila hata kuuliza filamu inahusu nini.

"Tubaki nje," Maile akasema. "Kamera itazame mlango uliofungwa, mimi ninase droo ikivutwa ndani. Mtazamaji atajitisha mwenyewe."

"Hiyo ni filamu ya waoga."

"Haya, shujaa. Mimi simo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ambayo mama yake alikuwa sokoni na Luseane kwenye mazoezi ya kwaya, Kolio aliingia peke yake na kamera. Akanasa kitanda, foronya ambazo dada yake alizidarizi kwa mkono wake, mafuta ya nywele. Akavuta droo. Alipoona ni nguo za ndani aliifunga haraka, lakini kamera ilikuwa imeshaona. Pumzi zake zikasikika kwenye kamera, na wala hakuwa anaigiza. Mtu asije akaniambia kijana wa watu hakujua. Alijua, tena alijua akiwa bado mle ndani.

Maile alimnasia ile sauti ya droo hata hivyo, kwa ajili ya urafiki, kwa hiyo Kolio alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kukitoa kile kipande cha chumbani na filamu isiharibike. Lakini Mwalimu Toakase alipokiona alimwambia, "Hapa usiguse. Mtu huyu hapaswi kuwa humo ndani, na tunalihisi." Sifa ni kitu kibaya. Akakiacha.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa ukumbini. Luseane alikuja na mama yao, amevaa kiunoni mkanda wake mzuri wa kusuka, wakakaa mbele kabisa. Kolio alimsikia akimwambia jirani, "Ya mdogo wangu ndiyo inafuata."

Mlango ukasukumwa pale ukutani, mkubwa kuliko ulivyo nyumbani. Foronya zikajaa ukumbi mzima. Kisha droo. Mama mmoja mtu mzima akakohoa na kuangalia miguu yake. Luseane aliinuka, akainama kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, akatoka vivyo hivyo, ameinama. Kolio alitamani ardhi ipasuke immeze.

Taa zilipowashwa, Mwalimu Toakase akamwita mbele huku anapiga makofi.

"Hebu tuambie, Kolio. Kile chumba ni cha nani?"

Mama yake alikuwa anamtazama. Maile alikuwa anamtazama.

"Tulikitengeneza, mwalimu," akasema. "Ni cha kuigiza tu."

Watu wakapiga makofi zaidi. Mama yake akafumba macho, na Kolio akarudi kitini bila kumwangalia mtu.

Alipofika nyumbani alikuta gari la shangazi yao uani. Nguo za Luseane zilikuwa zimeshafungwa kwenye mikeka, godoro limeegemezwa ukutani. Mama alikaa barazani, mikono mapajani.

"Dada," Kolio akasema, macho chini. "Nimekosa. Nisamehe."

Luseane alikuwa anafunga fundo. Akalimaliza kwanza.

"Nahamia kwa shangazi," akasema, sauti ile ile ya upole anayomwitia chakula. "Kimebaki kitanda, ni kizito kwangu. Nenda ukanitolee."

"Dada, siwezi kuingia humo."

"Unaweza. Mji mzima umekuona."

Kolio akamgeukia mama yake amwokoe. Mama akageuza uso. Basi Kolio akavua kandambili, akapita mbele yao wote wawili, akaingia.