Pumzi Moja kwa Siku

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpima maji alikuwa akivaa viatu vyake vya mpira aende kijitoni, baba yake alipoanza kutoa pumzi. Aliitoa polepole mchana kutwa, na jua lilipozama akaanza kuivuta. Aliivuta hadi kukapambazuka.

"Pumzi moja kwa siku," alisema daktari akikunja kipimo chake. "Kifuani nasikia maji yakipita juu ya mawe. Presha iko sawa."

Mpima maji hakubisha. Ndivyo kijito chenyewe kilivyopumua, miaka kumi na moja akikipima: mchana ute wa kijani ulioshika mawe hutoa hewa safi majini, na usiku vijidudu visivyoonekana kwa macho huila. Ute huohuo ulikuwa umeota kwenye ulimi wa mzee. Dada mkubwa wa mpima maji alipoleta mswaki, mpima maji alimzuia.

"Usiwaguse viumbe hao, dada. Hao ndio wanaofanya kazi."

Wakazoea. Mchana mzee alizungumza, usiku alinyamaza kwa kuwa alikuwa anavuta. Mama alisema tangu waoane hajapata kulala bila mkoromo hadi sasa.

Jumanne kiwanda cha nguo kilifunga lango la bwawa huko juu, kama kawaida yake. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamesimama kwenye vidimbwi, ute umegeuka kahawia, na midomo ya mzee imekuwa ya buluu. Pumzi ilikuwa imekatika katikati. Mpima maji alipanda kilima mbio.

"Fungua, kaka. Baba hapumui."

Mlinzi wa lango alimtazama kwa huruma. Kazi hiyo alifundishwa na mzee mwenyewe, aliyeishika miaka thelathini.

"Ufunguo ninao, dada. Amri sina." Akashika gurudumu la lango. "Mzee aliniambia, ukishafunga, usitazame upande wa chini."

Hata hivyo alizungusha gurudumu nusu, kabla msimamizi hajapita.

Mpima maji aliporudi, mzee alikuwa ameshapata hewa ya maneno machache.

"Nani kafungua?"

"Uliyemfundisha."

Mzee aligeuza uso dirishani, upande wa kijito.

"Miaka yote ile," alisema, "niliwakata pumzi wangapi?"

Hilo halikuwahi kupimwa. Mpima maji aliweka kiganja mbele ya mdomo wa baba yake. Kijito kizima kilimpitia vidoleni, kutoka chemchemi hadi darajani, baridi, kikinuka jiwe bichi: viumbe wasiohesabika, kila mmoja akitoa chembe yake ya hewa bila kuombwa. Akakaa chini, mkono akauacha palepale hadi jua likazama.

Aliandika barua kiwandani kuomba lango lisifungwe. Akajibiwa kwamba imepokelewa.

Ijumaa lango lilifungwa saa ileile. Mama alimfunika mzee blanketi, wakangoja lifunguliwe Jumamosi. Ng'ambo ya kijito, mke wa fundi viatu alitoka nje na kuuliza, kwa adabu, kama wana blanketi la ziada, maana mumewe naye ameanza.