Dang'a Haina Mpishi

Usiku wa kuamkia leo niliota mimi ni kangaruu. Sikushangaa, maana kazi hiyo nilipewa na nesi. Mjukuu wangu ni njiti, kazaliwa kabla miezi haijatimia, na mama yake, Atuganile wangu, alifariki akimzaa. Nikaambiwa nimfunge kifuani ngozi kwa ngozi, nifanye kangaruu. Nikafanya. Shida ni chakula. Maziwa ya kopo tumbo lake linayakataa, linataka dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, na mimi nilikauka tangu nilipomwachisha huyo huyo Atuganile.

Basi ndotoni natembea kwa kuruka. Wazazi wa wodini wananipisha. Mlango unafunguka, natokea nyikani, vumbi jekundu. Kangaruu wa kuzaliwa amekaa anapeta mchele. Namsalimu. Anaitazama kanga yangu, anauliza mfuko huo kanishonea fundi gani, mbona umekwenda upande.

Namwomba maziwa. Mara tumesimama kando ya ziwa, na nyuma yake ziwa lingine. Ananiuliza yanatosha au aongeze la tatu. Nasema siyo hayo, mwenzangu, ya kunyonya.

"Ungesema mapema," anasema, anafungua mfuko wake. Nainama, naingia.

Ndani ni jikoni. Titi fupi linanyonyesha kitoto kama punje ya haragwe, titi refu linanyonyesha kaka yake aliyekwisha kuota manyoya, na maziwa yao hayafanani. Wapishi wamejipanga, kila mmoja na sufuria yake. Nawauliza wao kina nani. Wanasema ni jeni, kila mmoja anapika protini yake tu, zamu yake ikiisha anafunika. Nawaambia niliishia darasa la tatu, waseme taratibu. Wanasema taratibu, herufi moja moja, mpaka najuta.

Mpishi wa dang'a anaosha sufuria.

"Nipe kidogo, baba. Mtoto hajafika hata uzito wa kuku."

"Bibi, mimi huamshwa na aliyejifungua. Yuko wapi?"

"Tumemzika."

"Sasa mimi nimpikie nani?"

"Si huyu hapa kifuani?"

Anamtazama mtoto, anaendelea kusugua. Sufuria ndiyo inayosema pole.

Mpishi wa mwisho, wa titi refu, ananionea huruma. Ananipakulia yake, ya watoto wanaoruka na kula majani. Anasema ndiyo aliyonayo. Napokea. Ningefanyaje?

Nikaamka kumekucha, gauni limelowa penye titi. Nesi Tumpale akanikamua tone moja kwenye kijiko, akanusa, akaniuliza polepole jana nilikula nini. Lilikuwa zito, linanukia majani mabichi.

Nikamgusisha mtoto tone hilo mdomoni. Akageuza uso.